Barua ya Wazi kwa SHA: Mzee Aanguke Kwanza

Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), Nairobi.

Pongezi kutoka bara la Mombasa: Likoni, Kisauni na Changamwe. Tangu mshike nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, mmewafanyia wazee wetu jambo lililozishinda serikali zote zilizotangulia: mmewatajirisha. Mzee aliyetimiza miaka 70 akaandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, siku zinapofika. Ninyi mwasema kila asiye na mshahara achangie asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba yake, ila mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Ukiipiga hesabu hiyo kinyumenyume, 300 ni asilimia 2.75 ya shilingi 10,900 hivi. Kwa hivyo mzee hulala na elfu mbili mfukoni, akaamka kwenye daftari lenu ana karibu elfu kumi na moja. Kwa pesa zile anazozipata kweli angedaiwa shilingi 55. Asiye na kingine ila Inua Jamii hutoa asilimia 15 ya riziki yake, na mwenye mshahara mnono wa ofisini hutoa 2.75. Na 3,600 hizo za mwaka zatakiwa kwa mkupuo. Anayeshindwa mmemwekea Lipa SHA Pole Pole, yaani akope ili awe na bima ya kumkinga na gharama zitakazomfanya akope.

Najua 300 ni kiwango cha chini tu, na wengine hupimwa zaidi. Hapo ndipo ufundi wenu unapong'aa. Mwauliza ukuta wa nini, paa la nini, choo cha namna gani, anapikia nini. Maswali mazuri, kwa mahali ambapo nyumba na ardhi ni vya mtu mmoja. Huku kwetu kuna nyumba bila ardhi: mzee alijenga ujanani kwa matofali na mabati juu ya kiwanja cha mwingine, na hadi leo analipia ardhi asiyoweza kuiuza wala kuirithisha. Maswali yenu humwona tajiri wa kuta. Kuhusu vidonge anavyopaswa kumeza kila uchao, hayamuulizi neno, ingawa hivyo ndivyo kodi yake ya pili ya mwezi.

Haya, tuseme amelipa. Amenunua nini? Akifikwa na maradhi ya figo, mtalipia kikao cha kuisafisha damu yake kwa shilingi 10,650. Vikao viwili kwa wiki, mwaka mzima, ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja. Anayefika hapo anastahili kila senti, na Mungu awazidishie. Lakini presha na sukari ndizo zinazoongoza kwa kuua figo, na dawa za kawaida za kuzizuia, amlodipini na metformini, zimekuwepo miaka mingi, hutengenezwa na viwanda chungu nzima, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya mashine. Mwili ukishaharibika mwafungua mkoba. Ukiwa bado waweza kuokolewa, mzee ajitegemee. Wazee wenzao wa Marekani tangu 2006 husumbuka kila mwaka, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Desemba, kuchagua mpango gani wa bima ya dawa utawafaa. Wetu mmewaondolea usumbufu huo: wao huchagua kati ya dawa na unga.

Mtanijibu kwamba dawa hizo ni bure katika zahanati na vituo vya afya, chini ya Mfuko wa Afya ya Msingi, na hazihitaji hata mchango. Kweli, sheria yasema hivyo, na ni sheria njema. Ila mfuko huo mliupangia shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka, yaani 75 kwa mwezi, ndani yake kuna kuonwa, kupimwa na dawa. Dawa zikiisha, mzee huandikiwa karatasi akanunue nje, na kwenye kaunta ya duka la dawa nambari yake ya SHA ni tarakimu tu. Atanunua vya siku chache, kisha ameze leo aruke kesho. Presha haiumi, kwa hiyo ataona mambo ni sawa, mpaka upande mmoja wa mwili ukatae. Siku hiyo bima yake itaanza kazi. Mwenye bahati, akiwa wa Likoni, atavushwa feri hadi hospitali kuu ya Pwani kisiwani, na kitanda chake mtakilipia.

Mtasema tena kwamba mkiruhusu maduka ya dawa, walaghai watawamaliza. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2025 ninyi wenyewe mlisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Mbona basi hamkuacha kulipia vitanda? Na vitanda ni vigumu kukaguliwa kuliko vidonge thelathini vya mtu yule yule, mwezi kwa mwezi, kwa alama ya kidole chake.

Mtasema pia kwamba watoto wawalee wazee wao. Wanawalea, kwa kibarua cha bandarini na bodaboda, huku wakitafuta michango yao wenyewe. Na Ibara ya 57 ya Katiba ilipotaja matunzo ya wazee iliandika familia na Dola, wote wawili.

Ombi langu basi ni dogo. Sheria yenu ya 2023 yataka serikali iwachangie wasiojiweza. Wazee wa Inua Jamii serikali imeshawaandikisha, imeshawakagua na inawalipa kila inapokumbuka. Waingizeni wote bila kuwauliza tena habari za paa, kisha zahanati ikikosa dawa zao za presha na sukari, duka la dawa lililo karibu liwape na lidai kwenu. Mkitaka pa kujaribia, anzeni Likoni, Changamwe na Kisauni. Kutafuta maduka hakutawachosha: yamejipanga mkabala na malango ya hospitali za umma, kwa sababu wenyewe wanajua wateja watatoka upande gani.