Mheshimiwa Haonekani Mchana

Kuanzia Julai, simu ya baba mkwe wangu hailali. Inalia saa nane za usiku, inalia alfajiri, inalia tukiwa tumeinamisha vichwa mezani tunabariki chakula. Asiyemjua angesema mzee ana nyumba ndogo mjini. Mama mkwe wala hageuki. Anajua ni kamera. Mzee amefunga kamera sita kwenye miti ya shamba lake hapa Wisconsin ya kati, na mbili kati ya hizo zina laini ya simu: chochote chenye joto kikikatiza mbele yake, picha inaruka mpaka mfukoni mwake. Msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, na unadumu siku 9. Siku 9! Kwa ajili ya siku hizo tunafanya upelelezi wa miezi minne. Kuna kesi za mauaji zimepelelezwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mkwe unamsalimia macho yakiwa chini, ukiulizwa neno unajibu, usipoulizwa unatazama mkeka. Nilipooa huku hawakutaka mahari, nikapiga simu nyumbani kujisifu kwamba nimepata mke bure. Kumbe deni lipo, ila linalipwa kwa mafungu, na fungu la kwanza lilikuwa betri nane kwa kila kamera. Zidisha mwenyewe.

Kwanza tupatane juu ya jina la mnyama. Kamusi inanielekeza niseme kulungu, nami nitasema kulungu kwa kuwa sina nguvu za kubishana na kamusi. Lakini kulungu wa kwetu pembe zake ni za maisha. Huyu wa huku, mwenye mkia mweupe kwa chini, anazidondosha kila majira ya baridi kisha anaotesha nyingine, ambazo wakati wa kiangazi zimevikwa ngozi laini kama mahameli. Ikifika Septemba anaichuna kwa kuzisugua kwenye miti. Shuleni kwa wamisheni nilimkuta kwenye Zaburi ya 42 akiitwa ayala, na kwa miaka mingi nilidhani ayala ni malaika wa cheo cha chini. Ningejua kuwa ndiye huyu, ningeisoma ile zaburi kwa tahadhari zaidi.

Sasa hizo kamera. Nilidhani ni kufunga tu kwenye mti na kwenda zako. Mzee alinisimamisha mbele ya mti mmoja nusu saa nzima. Iwe juu kiasi cha kiuno. Itazame kaskazini, la sivyo jua la asubuhi au la jioni litaiingia jichoni. Isielekezwe ikikata njia, ielekezwe kufuata njia, la sivyo utapata picha za matako tu. Halafu fyeka majani yote yaliyo mbele yake. Hilo la majani nililichukulia kama mapambo, nikafyeka kidogo kidogo kwa heshima ya mimea. Baada ya wiki mbili tulifungua kadi ya kumbukumbu tukakuta picha 1,126. Kati ya hizo, zaidi ya 1,000 zilikuwa za nyasi. Nyasi zikiinama kushoto, nyasi zikiinama kulia, nyasi zimesimama zinasubiri. Jua likichoma majani yakapata joto na upepo ukayatikisa, kamera inaamini kabisa kuwa amepita mnyama. Tulikaa sebuleni tukazitazama moja baada ya nyingine, maana mzee hapendi kuruka. Mke wangu alikwenda kulala kwenye picha ya 60.

Zilizobaki zilikuwa za rakuni, bata mzinga, paka wa jirani na mimi. Mimi nilikuwa 41. Mimi naenda kukagua kamera, mimi natoka kukagua kamera, mimi nimesimama nauliza kwa nini kamera haipigi.

Mzee hupenda kunifariji kwa historia. Anasema hata aliyeanza kazi hii hakuwa na raha. Huyo ni George Shiras, mwanasiasa wa Pennsylvania aliyewahi kuwa mbunge huko Washington, aliyekuwa akifunga uzi njiani kule Michigan. Mnyama akiukanyaga, unga wa magnesi unalipuka na picha inapigwa usiku wa manane. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Nilimwambia mzee kwamba na kwetu kamera za namna hii zimefanya kazi ya maana: mwaka 2005, katika misitu ya milima ya Udzungwa, zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye wataalamu hawakuwa wanamjua, na mwaka 2008 akapewa jina la kisayansi. Mzee akauliza, sange ana pembe ngapi? Nikasema hana, ni kama panya mwenye pua ndefu. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye nyasi zake.

Niliporipoti haya kwa mjomba wangu wa Handeni, ambaye ujanani alifukuza nguruwe pori kwa mbwa na mkuki, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Shikamoo yako nimeiitikia?" akauliza.

"Umeiitikia, mjomba."

"Basi nieleze taratibu. Mnampiga picha kwanza, halafu ndipo mnampiga risasi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwani mnamtengenezea kitambulisho?" Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuaibisha ukoo: "Nyama huko hamna madukani?"

Ipo, mjomba. Kila duka. Imekatwa, imefungwa, imepangwa.

Lakini kilichonishinda kabisa ni harufu. Mimi nimelelewa na bibi aliyefukiza udi hata kwenye vitambaa vya kufutia vyombo. Kwetu mtu anayejiheshimu anatangulia kunukia mlangoni, yeye mwenyewe anafuata. Huku baba mkwe alikuja na sabuni isiyonukia kitu, akaniambia nioge nayo, nifulie nayo, na nguo zangu nizitie kwenye sanduku la plastiki pamoja na majani makavu na udongo. Nimevuka bahari nikafundishwa kufukiza nguo kwa udongo. Kitunguu saumu marufuku tangu juzi yake. Viatu ni vya mpira. Hata suruali yangu ya jinzi ilikataliwa: kulungu bluu anaiona vizuri sana, ilhali rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo sheria inatulazimisha kuvaa siku za bunduki ili tusiuane sisi kwa sisi, yeye haioni kama tunavyoiona sisi. Mwaka 2016 jimbo liliruhusu na waridi inayong'aa badala ya chungwa. Niliomba ya waridi. Mzee alijifanya hakusikia.

Ana pia kichupa cha poda. Kila baada ya hatua chache anakibonyeza, poda inapaa, tunatazama inaelekea wapi ili tujue upepo unapeleka harufu zetu kwa nani. Wazee wawili, maana na mimi sasa najihesabu, tumesimama katikati ya shamba la soya tunatazama poda.

Agosti mwishoni tulisimamisha kibanda cha kuvizia. Ni hema la kitambaa cha madoadoa, linafunguka kwa kishindo kama mwavuli wenye hasira. Linatangulizwa wiki nyingi kabla ya msimu, na linavikwa matawi na mabua, ili kulungu walizoee waone ni kichaka tu. Ndani ni jeusi, nasi tunavaa nyeusi tusionekane. Madirisha ya nyuma hayafunguliwi, la sivyo mwanga utatuchora kama vikaragosi. Kulifungua ni kazi ya dakika moja. Kulikunja lirudi kwenye mfuko wake sijui ni kazi ya muda gani kwa sababu hatujawahi kufaulu. La mwaka juzi bado liko bandani limelala upande mmoja kama ngamia aliyegoma.

Jioni za Septemba tunaingia humo bila bunduki, kutazama tu. Naomba msomaji wa kwetu alifikirie jambo hili polepole. Hatua mbili kwa hatua mbili. Vigoda viwili. Magoti yangu na magoti ya baba wa mke wangu yamegusana kwa saa tatu. Hakuna kuongea, hakuna kukohoa, simu zimezimwa. Nasikia tumbo lake, naye bila shaka analisikia langu. Nikihema, anajua nilikula nini. Wazee wetu walikaa vikao vingi kupanga umbali kati ya mtu na mkwewe, na mimi nimeufuta wote kwa hiari yangu, kwa sababu ya mnyama ambaye hakuja. Walikuja majike watatu na ndama wao. Mmoja alisimama, akainua mguu wa mbele, akaukanyagisha chini kwa nguvu, akalitazama dirisha letu kama mwalimu mkuu anayetazama dirisha la bweni. Kisha akapiga chafya, wote wakainua mikia myeupe wakatoweka. "Ametunusa," mzee akanong'ona, huku akinitazama mimi.

Anayetafutwa ni dume mmoja mwenye pembe za ncha 10. Wawindaji wa huku huwapa majina madume wakubwa, na mzee aliniachia heshima hiyo. Nilimwita Mheshimiwa: kila mtu ana picha yake, hakuna aliyewahi kumwona ana kwa ana, na siku zote anapita usiku. Kumvuta kwa mahindi au matufaha hakuruhusiwi, maana tangu mwaka 2002 jimbo hili lina ugonjwa wa kulungu wa kukonda mpaka kufa, na katika wilaya zilizoguswa ni marufuku kuwakusanya kwenye chakula kimoja. Kwa hiyo Mheshimiwa hahongeki. Hapo ndipo ulinganisho wangu uliponiharibikia, lakini jina lilikuwa limeshashika.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Oktoba, saa sita mchana, nilitumwa kubadilisha kadi kwenye kamera iliyo ukingoni mwa mialoni. Nimeshakunywa vikombe vitatu vya kahawa. Kamera hiyo haina laini ya simu, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Sikujua kwamba Jumanne mzee alihamisha ile yenye laini akaifunga mti wa pili yake, kwa sababu aliona mahali kulungu alipoparua ardhi kwa kwato. Nilisimama mbele ya mti huo. Kimya, hewa nzuri, majani mekundu. Nikafanya kile ambacho mwanamume hufanya akiwa peke yake porini na vikombe vitatu vya kahawa.

Simu ya mzee ilikuwa jikoni, inachajiwa. Mzee alikuwa kwenye trekta. Mama mkwe alikuwa mezani na dada yake, wanamenya matufaha. Ikalia. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kujali mlio ule, siku hiyo akamwambia dada yake, njoo nikuonyeshe kulungu wetu.

Kamera hizi hupiga picha tatu tatu. Mbili za kwanza namshukuru Mungu nilikuwa nimezipa mgongo. Ya tatu nimegeuka, nafunga zipu, natabasamu.

Kikao kilikaa jioni ile. Na msidhani baba mkwe alikasirikia heshima. Heshima hata haikutajwa! Alikasirikia harufu. "Umeniua wiki tatu," akasema, ameshika kichwa. Mahali dume anapoparua ni kama ofisi yake, anaacha mkojo wake hapo wenzake wasome nani kapita. Nami nimeingia ofisini nikaweka taarifa yangu. Nilijitetea. Nikasema wapo wawindaji wanaoamini kulungu hajali kabisa mkojo wa binadamu. Nikasema dukani kwenye vifaa vyetu hivi hivi panauzwa mkojo wa kulungu jike kwenye kichupa cha ukubwa wa dawa ya kikohozi, wa mbweha nao unauzwa, na mzee anavyo vyote viwili kwenye friji ya bandani. Sasa wangu, mbichi, wa bure, wa ndani ya ukoo, ndio unaitishiwa kikao? Mke wangu alitoka nje kucheka. Mama mkwe aliendelea kumenya tufaha lile lile mpaka likabaki mbegu.

Siku nne baadaye simu ikalia saa nane na nusu usiku. Mheshimiwa. Amesimama palepale, ncha zote 10, pua yake imegusa ardhi. Mzee aliikuza picha, akaikuza tena, akanionyesha bila neno. Sikusema kitu. Nililitazama zulia.

Leo ni Ijumaa, kesho ndiyo Jumamosi ya kufungua. Nguo za chungwa ziko varandani zinapigwa na upepo zisinuke nyumba. Mzee amekwenda kulala saa moja jioni kama kuku, kwa kuwa tunatoka saa kumi alfajiri na tutakaa kibandani mpaka giza, magoti kwa magoti. Mama mkwe ameniita jikoni nichukue vya safari. Ameniwekea chupa ya chai ya kahawa ya mzee, mikate minne isiyo na kitunguu, na juu yake akaweka mtungi mtupu wa plastiki, wa juisi, mdomo mpana, umeoshwa ukang'aa, na kifuniko chake. Kisha akageuka dirishani, akaniuliza kama kwetu huwa kuna theluji.