Sifa za Faharasa Isiyotumwa

Wengine na wamsifu mtumishi anayetimiza alichoagizwa. Mimi naisifu faharasa ya hifadhidata, inayotenda hata isichotumwa.

Itazame kazini. Una jedwali la wateja kwenye MySQL, na safu ya jina umeiwekea faharasa. Unaandika SELECT jina FROM wateja, basi. ORDER BY hukuigusa. Majina yanashuka: Abdalla, Asha, Bakari, Chausiku, hadi Zuhura. Nani aliomba? Injini imeona majina yote yamo ndani ya faharasa, ikayasoma humo humo bila kulifungua jedwali, na humo yamekaa kialfabeti. Ukarimu ulioje! Ripoti inapendeza, mwandishi wa programu anapongezwa, na maneno mawili ya Kiingereza yamebaki akiba.

Kesho yake bosi anataka na namba za simu. Unaongeza neno moja tu, simu. Faharasa haina simu, kwa hiyo injini inalirudia jedwali lenyewe, lililopangwa kwa ufunguo msingi, na Zuhura, mteja namba 1, anaongoza orodha. Wenye choyo huita hiyo hitilafu. Mimi naiita haki: Abdalla atatangulia mpaka lini kwa sababu ya herufi?

Nasaba yake nayo si ya kubezwa. Ni mjukuu wa mti wa B, walioueleza Rudolf Bayer na Edward McCreight wa Boeing katika makala ya 1972. Hiyo B ni ya nini, makala haikusema. Watukufu hawajielezi.

Wapo wanaodai kwamba pasipo faharasa mambo yangetulia. Waende PostgreSQL. Huko ukisahihisha rekodi moja, nakala yake mpya huweza kuandikwa penginepo, na mteja aliyekuwa wa tatu akajikuta mkiani. Tena tangu toleo la 8.3, la mwaka 2008, jedwali kubwa likiwa linasomwa na mmoja, wa pili anaweza kuanzia katikati, pale mwenzake alipofika, kisha akazunguka kumalizia mwanzo. Faharasa haihusiki hata kidogo, lakini lawama itaibeba yenyewe.

Kasoro yake ni moja. Iandikie ORDER BY jina LIMIT 20, nayo itasoma majina 20 ya kwanza na kukomea hapo, hata jedwali liwe na wateja milioni, bila kupanga chochote upya. Leo hivyo, kesho hivyo. Hapo sina cha kusifu.