Sifa za Mheshimiwa Go

Mkoa wa Pwani una vya kusifiwa. Watu wamesifu korosho zake, mihogo ya Kisarawe, mdundiko wa Wazaramo na wavulana wa Kibaha kila matokeo ya mtihani yanapotoka. Aliyesahaulika ni mmoja, naye anachapa kazi kuliko wote hao: kitenzi cha Kiingereza "go". Herufi mbili tu. Sijui kama kuna kiumbe kingine, cha serikali au cha binafsi, kinachosumbua watu wengi kiasi hicho kwa chaki kidogo kiasi hicho. Kwa hiyo leo nitamwita Mheshimiwa, apate haki yake.

Fadhila yake ya kwanza huonekana Januari. Mtoto amemaliza darasa la saba katika shule ya serikali, hisabati na sayansi amefundishwa kwa Kiswahili, sasa ameingia kidato cha kwanza na kila kitu kimegeuka. Wiki hizo za mwanzo hajui usanisinuru unaitwaje kwa lugha ya wakubwa, wala hana haja nao. Haja aliyonayo ni nyingine, ndogo. Ananyoosha mkono, magoti yamebanana: "Mwalimu, naomba kwenda..." Mwalimu hasikii. Tangu kengele ya asubuhi masikio yake yanapokea Kiingereza tu, na kwenye mlango wa ofisi ya walimu imebandikwa karatasi kwamba asiye na Kiingereza hana huduma. Mtoto anainama kwa jirani, jirani anamnong'oneza, naye anasimama na kuyatoa yote kwa pumzi moja: "Excuse me teacher may I go out!" Nchi hii haina sentensi ya Kiingereza inayoshikwa haraka kuliko hiyo. Wataalamu wa mitaala wametafuta motisha miaka yote hii, kumbe motisha iko kwenye kibofu, na Go ndiye mlinzi wa mlango wa choo.

Akishazoea kutoka nje, anarudi na kukuta ubao umepigwa safu tatu: go, went, gone. Mtoto mwenye akili ameshaona kwamba "play" huzaa "played" na "cook" huzaa "cooked", basi anaandika "goed". Ni mantiki safi kabisa, na watoto wa Waingereza wenyewe husema hivyohivyo wakiwa wadogo. Huyu wetu anapigwa mkasi mwekundu. Hakuna anayemweleza kwamba Mheshimiwa zamani alikuwa na wakati uliopita wa kwake, "eode", akauacha ukafa, halafu kufikia mwisho wa Zama za Kati akawa amejitwalia wa jirani yake, kitenzi "wend". Wend yupo hadi leo, mzee hohehahe anayeonekana kwa nadra, na ilibidi ajishonee "wended" ili asitembee uchi. Go hajarudisha kitu. Kwetu mwenye tabia hiyo hupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye amepelekwa kwenye mtihani wa taifa, tena kama msahihishaji.

Tusijifanye malaika lakini. Kwenda kwetu nako kuna vituko. Tunamwambia mgeni kwamba amri ya kusoma ni soma, ya kupika ni pika. Akijaribu "enda" tunacheka, ni nenda. Akijaribu "ja hapa" tunacheka zaidi, ni njoo. "Nimeenda" na "nimekwenda" bado wanagombea uwanja, na wapo wazee wa Pwani ambao la kwanza linawawasha sikio. Tunakwenda sokoni na shambani kwa -ni, kisha tunakwenda hospitali, benki na posta bila -ni, na mgeni akiuliza sababu tunamwambia ndivyo ilivyo. Jibu hilohilo hupewa mtoto wa Mlandizi anapouliza kwa nini mtu huenda sokoni kwa "to the", shuleni kwa "to" tupu, na nyumbani bila chochote. Ndivyo ilivyo, kaa chini.

Mpe Mheshimiwa kijineno "off" uone ubahili wake. Taa zikizimika, zime-"go off". King'ora kikilia, kime-"go off". Bomu likilipuka, ni hivyohivyo, na maziwa yakichacha, ni hivyohivyo. Usiku mmoja bwenini umeme ukikatika, king'ora kikaanza kulia na maziwa ya mwalimu wa zamu yakaharibika kabatini, kiranja anaweza kuripoti maafa yote matatu kwa maneno mawili na asieleweke hata moja.

Katika eneo hili ukoo wake ni wa heshima. Wamisionari wa UMCA walimweka Minaki, Kisarawe, kwenye chuo chao cha Mtakatifu Andrea. Jirani pale, Pugu, kwenye chuo cha Mtakatifu Francis, Mwalimu Nyerere alifundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, na naamini hakuna aliyekitumia kitenzi hiki vizuri kuliko yeye: mwaka 1955 alipotakiwa achague ubao au siasa, alikwenda. Kibaha nako, mwaka 1963, ulianzishwa mradi wa nchi za Nordiki ambao serikali ilikabidhiwa mwaka 1970, na ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Wasweden waliokuja na mradi ule kwao wana "gå", anayegeuka "gick" kisha "gått", kwa hiyo walishazoea mateso. Ila gå wao ni mtu wa miguu hasa. Ukipanda basi inabidi utafute kitenzi kingine. Go hana ubaguzi huo. Mwanafunzi anayetembea kutoka vichakani Visiga, bodaboda wa Maili Moja na daladala la Gongo la Mboto lililosheheni hadi mlangoni, wote anawachukua kwa nauli moja.

Na kuna siku ya kumtamani kweli. Makao makuu ya mkoa yako Kibaha. Mtu wa Kisarawe asiye na usafiri wake anaweza kujikuta anateremka Pugu, anapita Gongo la Mboto, anakatiza Dar es Salaam hadi Mbezi, ndipo apande gari la Kibaha. Yaani anatoka nje ya mkoa ili aingie mkoani. Anafika na faili lake kwapani, jasho limeshuka hadi kiunoni, anaambiwa mhusika amekwenda Kisarawe. Sasa, amekwenda yuko huko, au amekwenda na ameshageuza? Kiswahili cha karani hakisemi. Kwa Mheshimiwa jambo lingekuwa wazi: "has gone" maana yake rudi kwenu, huenda mkapishana Mbezi, "has been" maana yake kaa kwenye benchi, yumo ndani anakunywa chai. Hili silitanii. Ni tofauti yenye thamani ya nauli mbili na siku nzima ya kazi, na mwalimu akilifundisha kwa mfano huo badala ya kukaririsha safu tatu, watoto wa Kisarawe wataelewa kabla hajafuta ubao.

Kilele cha utukufu wake, hata hivyo, hakiko darasani. Waingereza humtumia kwa mambo yajayo: mtu ameketi kwenye kochi, hajainua hata kisigino, anasema "I am going to build". Siku hizi amehamia jukwaani kwetu, amevaa kanzu. Zamani kiongozi alisema tutajenga. Sasa anasema tunakwenda kujenga kituo cha afya, tunakwenda kuweka lami, tunakwenda kumaliza kero ya maji, na amesema hayo amesimama palepale kwenye zulia, viti vyekundu nyuma yake, gari limewashwa kiyoyozi kikimsubiri. Watangazaji wa mpira wamelidaka, nao wanakwenda kushuhudia kona. Mzee wa Maneromango akinyoosha mkono mwisho wa mkutano kuuliza, mnakwenda saa ngapi, na kama kuna nafasi kwenye gari, hajakosea sarufi hata kidogo.