Ndimu za Futari na Kabureta ya Vespa

Unguja, chuma kisichotumika huliwa. Geti, fremu ya baiskeli, bawaba za madirisha: chumvi ya baharini haichagui cha tajiri wala cha maskini. Vespa ya marehemu baba mkwe wangu, PX yenye injini ya cc 150, ilikaa chini ya ngazi miaka nenda miaka rudi. Watoto waliitumia kujificha, wifi yangu akaanikia kanga juu yake. Kwa hiyo mume wangu alipotangaza, katikati ya Ramadhani, kwamba Idi hii atampeleka mama yake Mnazi Mmoja kwa vespa hiyo, hakuna aliyeacha kula.

"Ikiwaka nitapanda, baba," mavyaa alimwambia. "Nisogezee tambi."

Tangi likasuuzwa, plagi mpya ikatiwa, cheche ikaonekana. Injini ikakataa. Ikabaki kabureta, Dell'Orto ya Kiitaliano, ambayo kwenye vespa kama hii hujificha ndani ya kisanduku upande wa kulia, juu ya injini. Alipofungua kifuniko aliniita, kwa kuwa mimi nafundisha kemia sekondari na nyumbani huku ninahesabiwa kuwa fundi wa kila kinachochacha au kuoza.

Kila rangi mle ndani ilikuwa na asili yake. Unga mweupe ulioganda kwenye kuta ulitokana na bodi lenyewe, maana kabureta za zamani humiminwa kwa aloi ya zinki au ya alumini, na kutu ya madini hayo ni nyeupe. Ukijani kwenye jeti ulitokana na shaba. Ule utomvu wa kahawia uliokuwa chini ya bakuli la petroli ulikuwa oili: petroli iliruka hewani ikamwacha mwenzake. Mume wangu akatuhutubia wote kwamba vespa kama hii hainywi petroli tupu, hunywa yenye oili asilimia 2, mililita 20 kwa kila lita. Na maji je? Unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya tangi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huzama moja kwa moja hadi kwenye kabureta na kukaa humo.

Utomvu uliyeyuka kwa petroli safi na mswaki wa zamani. Unga mweupe haukutikisika. Hapo ndipo jiko langu lilipoingia vitani.

Mume wangu alianza na siki. Akalidumbukiza bodi zima kwenye bakuli baada ya daku, jeti zikiwa bado zimo ndani, akaenda kulala na dhamiri safi. Nilipoamka bakuli lilikuwa linatoa mapovu. Nikamwita.

"Si ndiyo kazi inafanyika?" akauliza, macho yakiwa bado mazito.

"Kutu imekwisha zamani, Baba Salma. Hayo mapovu ni haidrojeni. Sasa inaliwa kabureta."

Asidi haina akili ya kujua kutu ni ipi na chuma ni kipi. Huanza na kutu kwa kuwa ndiyo iliyo juu. Ikimaliza hukaribia kilicho chini yake. Na shaba ikigusana na zinki ndani ya maji yenye asidi, zinki ndiyo inayoumia, tena haraka kuliko ingekuwa peke yake. Ndiyo sababu jeti hutolewa kwanza. Bodi lilitoka rangi ya majivu, limeparuzika kidogo, ila lilikuwa linafaa. Kwenye njia za ndani, unga ulikuwa bado umeziba.

Akasikia kwa watu kwamba ndimu za moto ndizo mwisho wa maneno. Hilo ni kweli: asidi ya ndimu ni ile ile jamaa ya siki, na moto huharakisha kazi ya saa ikawa ya dakika. Asichosikia ni kwamba ndimu zilizokuwa kapuni zilikuwa za supu ya pweza, na kwamba sufuria kubwa aliyoichukua ilikuwa ya mavyaa, ya uji wa futari, na ni ya alumini. Nilipoingia jikoni bodi lilikuwa linatokota, ruba na gasketi zimo humo humo zimevimba, na harufu ya petroli imetanda juu ya jiko la gesi. Nilizima moto kabla ya kusema neno. Mvuke wa petroli na moto wa wazi ndani ya chumba kimoja, hapo hata mwalimu wa kemia hafundishi, anakimbia.

Bodi lilitakata vizuri mno. Sufuria ikatoka na mkanda wa kijivu usiofutika. Iliposuguliwa ikarudishwa kazini, lakini jioni ile kila mtu alionja uji mara moja akatua kikombe. Mavyaa peke yake alimeza, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Baba," akamwuliza mwanawe kwa upole, "huu uji una oili asilimia ngapi?"

Mtu mwingine angeacha. Yeye alihamia kwenye jeti. Jeti ni vipande vidogo vya shaba ya njano vyenye tundu katikati, na namba zilizochongwa juu yake ni sehemu za mia za milimita: ya 100 ina tundu la milimita 1, na ile ndogo, inayolisha injini ikiwa imesimama inanguruma, ilikuwa ya 48, yaani chini ya nusu milimita. Ilikuwa imeziba kabisa. Usiku huo wifi yangu, aliyekuwa na gauni za Idi za mtaa mzima mezani, alikuta cherehani yake haina sindano. Sindano ya namba 14 ina unene wa milimita 0.9. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Injini iliwaka kesho yake, na moshi wake ukawatoa majirani nje. Ikakohoa, ikalowesha plagi, ikazimika. Tundu lilikuwa limepanuka, petroli inaingia kuliko hewa inavyoweza kuichukua.

Fundi wa Kwahani aliishika jeti kwenye mwanga, akaitazama kama daktari anavyotazama picha ya mbavu. "Kaka, tundu la jeti halichokolewi kwa chuma," akasema. Akatoa kipande cha nailoni ya mshipi wa kuvulia. Nailoni ni laini kuliko shaba. Inasukuma uchafu bila kukwangua ukuta. Kisha akapuliza kila njia ya bodi kwa pampu, kidole chake kikifunika tundu moja na sikio likisubiri hewa itokee wapi. Njia moja ilikuwa kimya. Hiyo ndiyo iliyokuwa imetusumbua muda wote.

Ile ya kimya tuliimaliza nyumbani, kwa masharti. Nje uani, mbali na moto. Bodi limeoshwa petroli yote kwanza, halina jeti, boya wala ruba. Ndimu vuguvugu ndani ya kopo la rangi, mimi nikiwa na saa mkononi: dakika chache, toa, mswaki, puliza, tazama, rudisha. Mwisho likasuuzwa kwa maji yenye bikaboneti ya mandazi kidogo ili asidi iliyojificha isiendelee kula, likakaushwa kwa hewa, likapakwa oili. Jeti nyingine zilikwenda kwa mavyaa, ambaye amesugua masinia ya shaba kwa ukwaju tangu usichana wake. Akaziloweka kidogo, akazipitishia kitambaa, zikarudi ziking'aa na namba zinasomeka. Ile iliyochokolewa ilinunuliwa mpya Darajani, pamoja na gasketi, sindano za cherehani na sufuria.

Idi ilikwenda sawa. Mavyaa alipanda upande upande, buibui limekusanywa magotini, akashuka Mnazi Mmoja mbele ya mashoga zake wote.

Vita vimebaki kwenye jambo jingine. Mume wangu, kwa furaha ya ushindi, alimweleza mama yake kwamba kabureta huoza kwa kukaa: petroli mpya ikipita kila siku, maji na utomvu havipati pa kutulia, na mtu akitaka kuiegesha kwa muda mrefu lazima afunge bomba la petroli aiache injini imalize iliyomo ndani. Mavyaa alimsikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo, kila alfajiri, kuna kitu anachotaka kutoka sokoni. Kotmiri leo, nazi mbili kesho, keshokutwa kuirudisha nazi moja iliyooza. Mwanawe akilalamika kwamba duka la jirani linauza hayo yote, mavyaa humkumbusha kwamba si yeye aliyesema. Ni kabureta ndiyo inayotaka kutembea.