Darsa la Fukuto Mbele ya Barafu

Tabibu wa Marekani hana budi kuendelea kusoma hata baada ya kuota mvi, na katika jimbo la Washington, tunakokaa, hesabu yake ni saa 200 za darsa kwa kila miaka 4. Basi mke wangu, daktari wa maradhi ya wanawake, alipopata habari ya merikebu itokayo Seattle kwenda Alaska huku matabibu wakifundishwa njiani, alinishawishi kwamba elimu na mapumziko tutavipata kwa nauli moja, na baadhi ya nauli yenyewe tutaifidia katika kodi. La kodi lilikufa mapema. Sheria huruhusu kuondoa gharama za mikutano ya baharini hadi dola 2,000 kwa mwaka, kwa sharti kwamba chombo kiwe kimesajiliwa Marekani na bandari zote ziwe za himaya yake. Chetu kilipeperusha bendera ya Bahama, tena kilikusudia kutia nanga Victoria, Kanada.

Darsa hufanywa siku ambazo merikebu haiendi bandarini, na siku tuliyoingia Glacier Bay ilikuwa mojawapo. Niliketi nyuma ya ukumbi, karibu na kahawa ya bure. Mhadhiri alikuwa akieleza fukuto la ghafla liwapatalo wanawake hedhi inapokoma, jinsi estrojeni ikipungua ubongo unavyokosa subira na joto, hata likizidi kidogo tu huamuru jasho. Mara kipaza sauti cha darini kikafunguka, na askari wa hifadhi, ambaye kwa desturi hupanda merikebuni kuwasimulia abiria, akaanza habari za barafu. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenziwe. Tukajifunza kwamba homoni ziliijaza ghuba yote katikati ya karne ya 18, kwamba barafu ilitupwa jaani na wanawake wengi baada ya utafiti wa mwaka 2002 kuwatia hofu ya saratani, na kwamba mgonjwa asiyetimiza miaka 60 amekwisha kurudi nyuma zaidi ya maili 60. Lilipotajwa jina la nyangumi, ukumbi ulibaki na mhadhiri na mimi. Kisha nikabaki mimi.

Nilipotoka sitahani nilimkuta bibi mmoja akijipepea kwa orodha ya vyakula, barafu ikiwa mbele yake. Kadi iliyoning'inia kifuani pangu iliandikwa jina la mkutano kwa herufi kubwa, na neno msindikizaji kwa herufi za sisimizi. Aliniuliza dawa. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi ni fundi umeme, naye akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Ikanilazimu kumsimulia niliyoyasikia, pamoja na habari ya dawa isiyo ya homoni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, na kumsihi amwone tabibu wa kweli, ambaye nilimjua anapostaftahi.

Asubuhi yake alikuja na shoga zake. Mke wangu aliwasikiliza mmoja mmoja mpaka mayai yakapoa, kisha akanigeukia.

"Bwana, hawa umeniletea wewe. Darsa la saa 3 utakwenda wewe."

Nilikwenda, nikaandika kurasa mbili juu ya kutokwa damu baada ya kujifungua, kwa hati nzuri kabisa. Lakini bibi aliyeshika daftari la mahudhurio alinijulisha kwa upole kwamba saa hizo hazihamishwi kwa ndoa.