Dakika Tano kwa Mguu

Dalali wa Dar es Salaam hana nyumba iliyo mbali. Iwe Sinza, Tabata au Kimara, zote ziko "dakika tano kwa mguu" kutoka kituoni. Mguu wa nani, hasemi. Ya Kimara, kwa maneno yake, imepakana na kituo cha mabasi ya mwendokasi, ila kilima kilicho katikati hakitaji. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi atapita wapi? Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna meza ya chipsi, gari la bosi limeegeshwa, na bodaboda anampigia honi kwamba amemzibia barabara.

Usalama je? "Hapa kumetulia kabisa," anasema dalali, akiwa ameegemea ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu. Zebra ilichorwa, ikafutika kabla dereva hata mmoja hajaiona. Na masika maji hayaingii ndani? Hapo ghafla dalali anapigiwa simu. Akirudi, anataka kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja yake yeye, kwa kazi ya kukutembeza. Kwa bajaji, nauli juu yako.