Usukani Usio na Gari

"Usukani wa gari gani huu?"

Shemeji yangu aliulizwa hivyo uwanja wa ndege, alfajiri, begi lake likiwa limefunuliwa mezani mbele ya watu. Alikuwa ametoka Muscat, hajalala, na kwa uchovu akajibu kweli tupu: "Wa kompyuta." Foleni nyuma yake ikaangua kicheko. Afisa hakucheka. Aliupindua ule mchuma mweusi, mzito kama kinu, akatafuta tundu la mafuta, akatafuta hata alama ya Toyota, chochote cha kumsaidia kuamua kama anakagua spea, mashine au mwanasesere. Alichoandika kwenye fomu ni siri yake. Picha ya risiti ya ushuru ilinifikia kwenye simu kabla ya salamu.

Na kabla hujauliza: sina gari. Nakaa Tabata, kazini naenda kwa daladala, na mvua ikinyesha napanda bodaboda nikijuta njia nzima. Lakini ikifika saa nne usiku, watoto wakishalala, mimi huwa niko Ujerumani. Nakuwa Nürburgring, kwenye ile njia yao ya zamani ya Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927, kilomita 20.8 za kona zinazopanda na kushuka msituni. Naiendesha kwenye Assetto Corsa, gemu ya Waitaliano iliyotoka mwaka 2014 na ambayo, shukrani kwa Mungu, haidai kompyuta ya bei ya kiwanja. Kompyuta yenyewe niliinunua kwa ajili ya kazi za hesabu. Mke wangu naye anajua kwamba niliinunua kwa ajili ya kazi za hesabu.

Usukani wangu wa kwanza ulikuwa wa mtumba, wa aina ya gia. Ndani yake mna mota ndogo inayosukuma meno, na meno ndiyo yanayokupa mikononi ile hali ya barabara. Ukikanyaga ukingo wa kona, meno yanagongana krrr, krrr, krrr. Mchana husikii. Saa sita usiku, kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake ni tofali moja, mtaa mzima unasikia. Asubuhi moja jirani yetu, mama mtu mzima, alinisimamisha bombani.

"Baba Zuhura, mwanangu, hiyo mashine ya kusaga mmeifungua lini? Mimi nina mahindi yangu kilo kumi."

Huyo mama ndiye aliyenipa sababu ya kununua usukani mwingine. Nilikuwa nikiitafuta kwa mwaka mzima.

Sukani hizi za kompyuta zina koo tatu. Kuna za gia, kama Logitech G29 ambayo wengi wameanza nayo. Kuna za mkanda, tulivu kidogo. Halafu kuna zile wanazoziita dairekti draivu, ambazo hazina meno wala mkanda: usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, na mota inapotaka kukuambia kitu hainong'oni kupitia kwa mshenga. Zamani zilikuwa mali ya matajiri. Fanatec walipotoa CSL DD mwaka 2021 kwa dola 350 hivi, watu wa kipato chetu nao wakaanza kuota ndoto.

Nguvu zake hupimwa kwa Nyutoni-mita, na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Ile ya gia ina kama 2. CSL DD ina 5. Ukitaka 8 hununui mota nyingine, unanunua adapta kubwa zaidi ya umeme, ya wati 180, basi. Mota ni ileile. Niliposoma hivyo nilikaa kimya kama abiria aliyegundua kwamba daraja la juu na la chini ni basi moja, tofauti ni kiyoyozi kuwashwa. Wachina wa Moza wana R9 yenye 9 na R12 yenye 12. Kule Finland kuna Simucube 2 Pro yenye 25, ambayo niliitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba za Masaki kupitia dirisha la daladala.

Nilianza na uamuzi wa kiume kabisa: 5 zinatosha. Rafiki yangu mmoja, fundi umeme, aliniambia hivyohivyo, tena bila kuulizwa mara mbili. Wiki ya pili nikajiuliza, kwa nini 5 wakati kuna 8? Na mtu ukishafika 8, 9 ni hatua moja tu, kama kuongeza andazi. Kutoka 9 nikaanza kuwaona watu wa 9 kama watu wasiojipanga kimaisha. Nikatua 12, za kampuni ambayo sitaitaja, maana kosa halikuwa lake.

Kosa lilikuwa ni kutoielewa hesabu, na mimi ni mhasibu. Chukua usukani wenye upana wa sentimita 30. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 15. Nyutoni-mita 12 hapo ukingoni ni sawa na mtu kukuning'inizia kilo 8 za unga upande mmoja, azihamishie upande wa pili ghafla, azirudishe, na aendelee na mchezo huo kwa dakika nane. Mimi nilisoma "12" nikadhani ni alama za mtihani.

Yule fundi umeme alijaribu kunielewesha. Nguvu kubwa, alisema, hainunuliwi ili itumike yote. Mota ndogo ikizidiwa inakuwa kama spika ya kibanda cha chipsi: ukiifungulia mpaka mwisho, besi, maneno na kinanda vyote vinageuka kelele moja. Hujui tena kama tairi linateleza au limepanda ukingo, unachosikia ni uzito tu. Mota kubwa inabakiwa na nafasi ya kusema hata wakati gari limebanwa na kona. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilichosikia ni "kubwa".

Ikabaki safari. Shemeji alikubali kuileta, ila begi lina kilo zake, na mama mkwe alikuwa ameshaagiza halua ya Oman, makopo sita. Nani alimwambia shemeji apunguze nini, hilo halijajadiliwa rasmi katika familia mpaka leo. Mota ilifika. Halua ilifika kopo moja. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Sijawahi kutukanwa kwa heshima kiasi hicho.

Usiku wa kwanza niliifunga kwenye meza ya mke wangu, meza ya Keko ambayo anakatia vitambaa. Ni meza nzuri. Imebeba cherehani, imebeba ndoo za sherehe, imewahi kumbeba shangazi akibadilisha balbu. Nikaikaza mota kwa vibano viwili, nikaweka kikombe cha chai kulia, nikawasha, nikaacha kila kitu asilimia 100 kwa sababu nilikuwa nimelipia asilimia 100.

Kilomita ya kwanza nilitoa machozi ya furaha. Hakuna krrr. Barabara ilikuwa hai. Nilisikia tairi za mbele zinapoanza kupoteza mshiko, kama mtu anayevutwa shati polepole. Kilomita ya pili mabega yalianza kulalamika. Kwenye ule mnyooko mrefu wa mwisho, gari likiwa limepita kilomita 250 kwa saa, nikaamua kunywa chai. Nikaachia usukani.

Usukani wa aina hii ukiuachia gari likiwa mbioni, unatafuta katikati, unapitiliza, unarudi, unapitiliza zaidi. Ulianza taratibu, kama mzee anayekataa kitu. Kisha ukakataa kwa nguvu. Kisha meza ikaanza kukataa nayo, tap, tap, tap, ikigonga ukuta wa jirani. Chai ikaruka. Nikafanya alichofanya kila mpumbavu aliyenitangulia: nikaingiza mkono kuukamata. Kidole gumba kikapokelewa na tindi ya usukani. Nilisikia mlio ambao haukutoka kwenye gemu.

Kitufe chekundu cha dharura kilikuwepo. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, kwenye boksi, chini ya kitanda.

"Baba Zuhura," mke wangu alisema kutoka mlangoni, akitazama mguu wa meza uliopasuka, chai juu ya kitenge cha mteja, na mimi nimeshika gumba kwa mkono wa pili. "Hizo Nyutoni ulizosema, zimefika zote?"

Jirani naye asubuhi hakuuliza kuhusu mahindi. Aliuliza kama tuna amani ndani ya nyumba.

Ikabidi ipatikane fremu ya chuma. Hili hakuna aliyeniambia wakati nachagua, na ndilo nilistahili kuambiwa la kwanza: mota ikizidi 5 au 8, unanunua na kitu cha kuishikilia, na kitu cha kukushikilia wewe. Wenzetu wa Ulaya hutumia vyuma vya alumini vya kuunga kwa bolti. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamchorea kwenye karatasi. Akaitazama kwa muda.

"Kiti cha saluni?"

"Cha kuendeshea."

"Kuendeshea nini?"

"We chomelea tu, fundi."

Kiti chenyewe nilikipata Ilala kwenye spea za mtumba, kiti cha dereva cha Toyota Noah, kimechakaa upande wa mlango. Nilikibeba kwenye bajaji hadi nyumbani, nikipita mbele ya kibanda cha kahawa kilichojaa wazee. Walikuwa wameshaona usukani ukiingia. Walikuwa wameona pedeli. Walipoona kiti, mmoja alisimama akanipa mkono. "Polepole hivyohivyo, kijana. Mwisho litatimia." Mtaa mzima unaamini nanunua gari kwa vipande. Mke wangu, akiulizwa, husema bampa tunaitarajia mwakani.

Baada ya fremu, meza ikapona na kuta zikanyamaza. Ila mabega yangu hayakuchomelewa. Nikashusha nguvu hadi asilimia 80. Wiki iliyofuata 60. Nikaongeza kile kitu kinachoizuia mota kuyumba, nikatoa kitufe chekundu kwenye nailoni, nikakifunga karibu na goti. Siku niliyoendesha vizuri kuliko zote, bila kutokwa jasho, nilifungua mipangilio nikaona namba: 40. Nikachukua kikokotoo ingawa sikukihitaji. Asilimia 40 ya 12 ni 4.8. Kwa hiyo nilikuwa nimemnyima mama mkwe makopo matano ya halua ili nifike chini kidogo ya ile mota ya 5 niliyoidharau. Fundi umeme alinieleza tena habari za spika, kwamba ndivyo inavyotakiwa, kubwa ikitumika kwa utulivu. Ni kweli. Nilimwomba asimweleze mke wangu.

Mwezi uliopita baba mkwe alikuja kutoka Iringa kuangaliwa macho. Miaka ya sabini mzee alikuwa anaendesha lori la Leyland, Dar hadi Tunduma, kabla watu hawajajua pawa steringi ni nini. Baada ya chakula alikiona kile kiti.

"Hii ndiyo iliyokula halua?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia, lakini ilinitoka tu.

"Marahaba. Iwashe."

Akakaa. Akaweka viganja juu ya usukani, vidole gumba vyote viwili vikiwa nje, vimelala juu ya ukingo. Nikamwonyesha changu, ambacho bado kucha yake ilikuwa nyeusi.

"Nani alikufundisha kuukumbatia usukani kama nguzo ya nyumba?" akauliza. "Tairi likigonga jiwe, usukani unarudi wenyewe. Utingo wangu aliniomba ajaribu, gumba likabaki mlimani Kitonga." Akaugeuza kushoto, kulia. "Mbona laini? Kama teksi."

Nikaenda kwenye mipangilio nikarudisha 100. Mzee akaguna, mguno wa mtu aliyekutana na mwenzake wa zamani kituo cha mabasi.

Aliizunguka Nordschleife yote kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Alitumia dakika 25. Magari ya kompyuta yalipomfikia nyuma, alitoa mkono wa kulia nje ya dirisha lisilokuwepo, akayapungia yapite. Kwenye Karussell, ile kona ya zege iliyolala ubavu inayowatoa jasho Wajerumani, alipokezana usukani mkono kwa mkono, akasema ni Kitonga ya kitoto. Hakugusa ukingo hata mmoja. Mimi huzunguka kwa dakika 8 na ushee, na mizunguko niliyomaliza gari likiwa zima inahesabika kwa vidole vilivyosalia.

Akaliegesha pembeni, kwenye nyasi, akaanza kupapasa kando ya kiti.

"Hendibreki iko wapi?"

"Haina, baba. Inauzwa peke yake."

Kutoka jikoni mke wangu akaitikia, "Ndiyo hiyo ya mwakani, baba. Pamoja na bampa."

Usiku, wote walipolala, niliwasha kimyakimya. Asilimia 100 ilikuwa palepale alipoiacha mzee. Nikajiambia, kama mtu wa miaka sabini na kitu ameweza. Kona ya tatu nilikuwa nimekunja uso, kona ya tano mabega yamesimama masikioni. Nikatazama mlango wa chumba cha watoto alikolazwa mzee. Ulikuwa wazi kidogo, giza ndani. Nikashusha taratibu, 80, 60, 40, nikaushika tena usukani.

"Gumba juu," ikasema sauti kutoka gizani.